Mate ya Mama Mkubwa

...na hakuonja, hilo Aciro aliliona kwa macho yake mwenyewe, hakuhadithiwa na mtu, mke mwenzake amefungua sufuria, amepakua viazi vitamu, amemimina odi juu yake, ufuta na karanga zilizosagwa zikawa uji mzito, amechukua kijiko akakisuuza kwa maji ya moto ya chupa, akakisuuza tena, akakisuuza tena, anasuuza nini huyu, kijiko kina nini, halafu akaanza kuponda, anaponda tu, kiazi kinalegea polepole kwenye bakuli la bati, na mkono haujakwenda kinywani hata mara moja, na ni nani katika Acholi nzima asiyejua kwamba mpishi ndiye wa kwanza kuonja, hata pombe, anayeileta ndiye huitangulia kuionja, ili anayekula ale kwa moyo mweupe, na Lanyero alilelewa na bibi mkali kuliko pilipili, hawezi kusema hakufundwa, hapana, anajua, anajua na hakuonja... "Uso wa mtoto umerudi kweli, Mama Nyeko," Lanyero alikuwa akisema, "Oryem aliniambia nikadhani ananifariji," na hata hilo alilisema kiupandeupande, uso kaugeuzia ukutani, leso kaifunga kutoka puani mpaka kidevuni kama mtu anayepita penye mzoga, tangu aingie wodini asubuhi hajaifungua, maji hajanywa, chai ya wodi kaikataa, na mtoto alipomnyooshea mikono alimshika miguu, miguu badala ya mashavu, nani humsalimu mtoto kwa miguu, ila mtu ambaye moyo wake una kitu, na Aciro, amekaa ukingoni mwa kitanda na tumbo lake la miezi minane limemtangulia mapajani, alitazama kijiko na bakuli, akatazama na mfuko wake chini ya kitanda, mfuko uliokwisha fungwa, blanketi ndani, vikombe ndani, sabuni ndani, na nje getini kuna kijana wa bodaboda aliyeambiwa asubiri chini ya ukuta, asiondoke na abiria mwingine, mama na mtoto wanatoka leo, wanatoka kabla muuguzi hajaja kutundika dripu ya pili.

Maana Oryem alisema kwenye simu, chagua moja, mke wangu, huwezi kuzalia kwenye sakafu ya wodi, ama Lanyero akae na mtoto amalize dawa, ama mrudi naye nyumbani, si shavu limeshuka, si amepona, na kwa kweli shavu limeshuka, jamani, hilo nalo lilimtia Aciro wasiwasi badala ya furaha, uvimbe uliofika hapa ukiwa mkubwa kama chungwa, uliosukuma jicho likataka kutoka, uliolegeza meno yakawa yanacheza kwenye fizi kama mahindi yaliyoiva kupita kiasi, uvimbe huo umetiwa dawa ya kwanza tu na siku chache baadaye umeyeyuka, umekwenda wapi, kitu kikubwa hivyo kinakwenda wapi, ugonjwa wa kweli hauondoki hivyo, kilichotumwa ndicho kinachoondoka hivyo, kimeitwa na mwenyewe, kimerudi kwake, na mwenyewe huyu hapa, kaja na sufuria... "Maji, akina mama, maji!" sauti ya muuguzi ilipita mlangoni, "mtoto asiyekunywa figo zitaziba, msinichoshe," na Aciro akamsogezea Nyeko kikombe bila kumtazama, mtoto akanywa kidogo, akakunja uso, akarudi kutazama kiazi.

Nyeko, jina lenyewe hilo, kila likiitwa wodini wenye lugha hucheka kwa pembeni, maana kwa Kiacholi mke mwenza ni nyek, na wivu ni nyeko, ni mlango na bawaba, na Aciro alipojifungua mtoto wa kiume wa kwanza katika boma la Oryem, mke mkubwa akiwa na binti mmoja tu, naye ameshaolewa mbali, wanawake walipouliza ataitwa nani, alisema Nyeko, akalisema kwa sauti, lifike jiko la pili, na likafika, na Lanyero alitoka jikoni mikono ina unga akampokea mtoto akamwinua juu akasema, "Karibu, Wivu, umechelewa, tulikuwa tunakungoja," wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Aciro hakucheka, alijiuliza tu, huyu amelipokea tusi langu kwa utani, basi amelificha wapi, mtu hamezi kitu kama hicho kisikae mahali... na ndiye huyo huyo, meno yalipoanza kulegea, aliyesema ni jino bovu, mpeleke kwa yule mng'oaji wa sokoni, jino likang'olewa, la pili likang'olewa, kidonda hakikuziba, nyama ikaota pale pale kwenye shimo kama uyoga, nani alisema jino, Lanyero alisema jino, ingawa, ndiyo, mng'oaji naye alisema jino, na mama mkwe alisema jino, na Aciro mwenyewe alimshika mtoto kichwa ili jino ling'olewe, lakini Lanyero alisema kwanza... ama alisema wa pili?

"Shemeji, we mwache mwenzio apumue," alidakia Mama Opiro wa kitanda cha jirani, mwanamke wa Kitgum asiyejua kunyamaza, anayemwita kila mtu shemeji, "unamkodolea macho kama askari wa getini. Mke mwenza akikuletea chakula hospitalini, shukuru. Wangu mimi aliniletea umbea tu." Akacheka peke yake. "Wenyewe husema, mchawi mpe mwanao akulelee. Ukimpa, ataogopa hata homa imguse mtoto, maana wa kwanza kuulizwa ni yeye." Lanyero hakucheka, aliponda, na Aciro akaona, haya, hata wa Kitgum ameliona, hata asiyetujua amelitaja neno lenyewe, mchawi, na yeye anainamisha kichwa, mtu asiye na hatia angejibu, angesema we mama koma, Lanyero wa zamani angejibu mpaka wodi nzima iwe upande wake, Lanyero huyu anaponda kiazi ambacho kimekwisha kupondeka.

Na si uchawi, Aciro si mjinga, amefika darasa la saba, amekaa hapa muda wa kutosha kujua majina ya dawa, uchawi ni wa wasiojua, yeye ana jambo la daktari, la kusomea, kwa maana walipomkata mtoto kijinyama shavuni wakaondoka nacho kwenye kichupa, alikaa siku tatu hajalala vizuri, nyama ya mwanangu imekwenda wapi, wanaiuza, wanaipeleka ng'ambo, akaenda akasimama mlangoni kwa Daktari Laker, yule mwanamke mfupi wa maabara mwenye miwani iliyofungwa na plasta, akasema nataka kuiona, nionyesheni, kama hamkuiuza nionyesheni, na daktari hakumfukuza, alisogeza kiti, akasema, "Njoo, mama, ni haki yako, inama hapa, funga jicho moja," na Aciro akainama juu ya darubini akaona buluu, buluu iliyojaa, punje kwa punje zimebanana kama ulezi ghalani, hakuna pa kupitisha sindano, na kati ya punje hapa na pale mashimo meupe, meupe, kama mtu ametoboa, akauliza mashimo hayo ni nani aliyeyatoboa, daktari akasema, "Hizo buluu ndizo ugonjwa, ndiyo saratani yenyewe. Leo ipo moja, kesho zipo mbili, kesho kutwa nne, hazijui kupumzika, na kwa haraka hiyo nyingi zinakufa njiani. Hayo meupe ni walinzi wa mwili, wanakula maiti. Sisi tunaita mbingu yenye nyota," na Aciro aliinua kichwa akamtazama kama anatazama kichaa, nyota, mtu anaona nyota kwenye nyama ya mtoto, anazisifu na jina... lakini usiku alipofumba macho alikuwa akiziona, zile nyeupe, zinakula, zinakula, na hazishibi wala hazishindi.

Akauliza, sasa nani kaziweka, na daktari akasema hakuna aliyeziweka, mama, ni chembe zake mwenyewe, zile zile zilizotakiwa kumlinda, kila chembe ina amri yake ndani, imeandikwa, na amri moja inayosema kua imekatika ikahama, ikaenda kupanga nyumba karibu na jirani asiyelala, basi nayo haikulala tena, kua, kua, kua, mchana na usiku, na Aciro alikuwa akisikia na hasikii, alikuwa anangoja jina, kila hadithi ina jina la aliyefanya, kikulacho ki nguoni mwako, akasema hilo kwa sauti, na daktari akasema, "Enhe, hapo umenena, lakini nguo hiyo ni ngozi yake," na Aciro hakulipenda jibu hilo, akauliza tena, na ikaanza vipi, na hapo ndipo daktari akataja malaria, malaria ya kila mvua, inayowachosha walinzi, na akataja kirusi kimoja kinachoingia mapema, mtoto akiwa mchanga, kinapita kwenye mate, kwa busu, kwa kikombe, kwa chakula cha kutafuniwa... na pale pale masikio ya Aciro yakafunga duka, kutafuniwa, kutafuniwa, aliona kinywa, kinywa kimoja tu duniani, aliona kinywa cha Lanyero kinatafuna kiazi kitamu na kumwekea mwanawe kwenye ulimi, akatoka mbio maabara daktari bado anaongea, akampigia Oryem hapo hapo veranda, akapiga kelele, si meno, si Mungu, ni mate, daktari amesema ni mate, muulize mkeo mkubwa alimtafunia nini mwanangu, muulize! Na Oryem akasema, nitamwambia.

"Mama mkubwa," alisema Nyeko, sauti yake bado ina kamasi ya dawa, "nitafunie basi kama zamani. Meno yanauma," na Aciro alishtuka mwili mzima, mtoto wa tumboni naye akageuka, hata huyu, hata huyu mdogo anakumbuka, alikuwa na miezi saba anakumbuka nini, labda amehadithiwa, Lanyero hupenda kuhadithia, ulikuwa mdogo kama sungura, ulikula kwangu kuliko kuku, na ni kweli, hilo halikanushiki, ziwa la Aciro lilivimba likapasuka, ikafuata homa akalazwa wiki nyingi, maziwa yakakauka, mtoto wa miezi saba aliyekataa uji na kutema maziwa ya ng'ombe akabaki mgongoni mwa mke mkubwa, na aliporudi, yeye mifupa na ngozi, alimkuta mtoto amenenepa, mashavu yanang'aa kwa mafuta ya odi, akanyoosha mikono kumchukua na mtoto akalia, akaficha uso shingoni mwa Lanyero, akalia kana kwamba anaibwa, na watu wakacheka wakasema amekusahau huyu, na Aciro alicheka nao, mdomo ulicheka, na ndani kitu kikakaa chini, hakijasimama tangu siku hiyo, miaka mitano, alikiita nini kitu hicho, hakukiita, jina lake alikuwa ameshampa mtoto...

"Sitafuni tena, baba," Lanyero alikuwa amejibu, Aciro alisikia jibu likiwa limeshapita, kama mtu anayesikia mlango baada ya mgeni kuingia, "mdomo wa mama mkubwa ni mbaya. Nitaponda mpaka kilainike, utaona, hutahitaji hata jino moja," na kijiko kiliendelea, na mtoto akasema, "Mbaya una nini?" na Lanyero akasema, "Una ubaya tu," akaivuta leso ikapanda juu zaidi, ikagusa macho... mdomo mbaya, amekiri, amekiri mbele ya watu, Mama Opiro shahidi, basi kwisha maneno, beba mfuko, beba mtoto, twende, Aciro aliambia miguu yake, na miguu haikusikia, maana kitu kimoja hakikukaa sawa, mtu aliyemroga mtoto hamwambii mtoto, mtu aliyetia sumu kwenye kiazi angekionja haraka haraka kipande cha pembeni ili aonekane, angekula kwa fujo, angelamba kijiko, lakini huyu ameosha kijiko kana kwamba uchafu ni yeye, huyu hakunywa kikombe cha wodi, huyu alimshika mtoto miguu, miguu, mahali pa mbali kabisa na mdomo, huyu amefunga leso tangu asubuhi kwenye joto hili ambalo hata nzi wamekata tamaa... hakuonja, hakuonja kwa sababu, Mungu wangu, hakuonja kwa sababu anaogopa mate yake.

Ameamini. Oryem alimwambia na akaamini, alikaa jikoni kwake akaamini kwamba yeye ndiye, kwa kinywa chake, kiazi kwa kiazi, na pamoja na kuamini hivyo akaamka akachimba viazi, akasaga ufuta, akapanda gari, akaja kukaa mbele ya macho ya Aciro yaliyokuwa yakimla nyama, na hakujitetea, angejitetea kwa lipi, ametumiwa hukumu kutoka maabara, na hukumu hiyo ilikuwa nusu, Aciro aliijua ilikuwa nusu, alijua siku ile ile, kwa kuwa masikio hayafungi kabisa hata yakipenda, sauti ya Daktari Laker ilimfuata hadi veranda na amekuwa akiikanyaga tangu hapo kama mtu anayekanyaga panya chini ya mkeka, "Mama, subiri, sikiliza, kirusi hicho tunacho sote! Mimi ninacho, wewe unacho, watoto wa kijiji kizima wanacho na hawaugui, pengine amekipata kwako, hatuwezi kujua na haina maana kujua, hakuna aliyekosa," kwako, alisema kwako, busu ngapi, Aciro alimbusu mtoto huyu mara ngapi siku ya kwanza, kabla hata hajapanguswa vizuri, alimpulizia puani, alimlamba tongotongo machoni, kama ni mate basi ya kwanza yalikuwa ya mama, na kama si kiazi kile cha kutafuniwa mtoto angekuwa amezikwa nyuma ya ghala akiwa na miezi minane, asingekuwa na shavu la kuvimba, asingekuwa na jino la kung'oa, kinywa hicho hicho kilimpa uhai mtoto niliyemwita Wivu, na nimemletea mtu msalaba kwa simu, kwa maneno matatu, na sikutuma yaliyobaki... alitaka kulia, akaona hasira, na hasira haikupata wa kumkalia, ikazunguka wodini ikamrudia mwenyewe.

Na mfuko uko chini ya kitanda, na muuguzi atakuja na dripu, na siku ile ya kwanza aliambiwa na daktari, aliambiwa vizuri, shavu litashuka haraka, litashuka mpaka mtashangaa, na hapo ndipo wengi hukosea, huona uso wa mtoto umerudi wakadhani ni mtoto aliyerudi, wakaenda zao, na ule ugonjwa ukija tena hauji shavuni, unakuja tumboni, unakuja kichwani, na sisi hatuna la kufanya, na yeye alikuwa tayari, alikuwa amekwisha kufunga sabuni na vikombe, angempandisha Nyeko kwenye pikipiki akiwa na mbingu ile nzima ndani yake, imepungua lakini ipo, punje moja leo, kesho mbili, angempeleka nyumbani afe ili tu asilale mikononi mwa mwanamke huyu, hivyo ndivyo hasa ingekuwa, hakuna jina lingine ila wivu, na jina lenyewe limekaa kitandani linamtazama kwa macho mawili makubwa, limefungua mdomo, linangoja kiazi.

Basi kijana wa bodaboda asubiri mpaka achoke, ataondoka mwenyewe, na mkeka upo nyuma ya mlango, atamwonyesha Lanyero, ndiye atakayebaki, na bomba la maji ya kufulia ni lile la pili, la kwanza lina foleni na matusi, na usiku Nyeko hulia akitapika, ashikwe kipaji cha uso, si tumbo, na maji, maji kila wakati, hata akikataa, na haya yote yatahitaji kusemwa, yako mengi, na lile moja kubwa linatangulia yote hayo, neno lile lile alilolinoa tangu asubuhi ili amchome nalo, sasa hana jingine.

"Onja," alisema Aciro.

Kijiko kikasimama. Lanyero aliinua macho juu ya leso, mekundu, yenye hofu, akamtazama mwenzake kama mshtakiwa anayemtazama hakimu, na Aciro akaona kwamba neno limefika kwa ukali wake wa zamani, akaona lazima lirudiwe, likarudiwa, safari hii likatoka na maji ya pua, halina heshima yoyote.

"Onja, dada yangu. Weka kidogo kiganjani uonje. Mate yako hayana kitu ambacho yangu hayana, daktari alisema, alisema siku ile ile, mimi ndiye niliyewaletea nusu ya maneno yake. Onja uone kama kuna chumvi, mtoto ale."

Mkono wa Lanyero ulipanda mpaka kwenye fundo la leso, ukakaa hapo, haukufungua, haukushuka. Kiazi kilikuwa bado kinangoja kwenye bakuli, na Nyeko alikuwa bado amefungua mdomo.